Pesa ya korosho na elimu ya mtoto: bweni la kulipia, au shule ya kata pamoja na matunzo ya nyumbani?

Dada yangu alinipigia simu kutoka Tandahimba siku mbili baada ya chama cha msingi kuwalipa wakulima. Binti yake mkubwa amemaliza darasa la saba, amefaulu vizuri, na jina la shule ya kata aliyopangiwa limeshatoka. "Kaka, huyu mtoto ana akili," akaniambia. "Sitaki akili yake ipotelee shule ya kata. Nimeambiwa kuna bweni la Inglishi midiamu, ada milioni mbili na nusu kwa mwaka. Wewe ni mwalimu, na wewe ndiye mjomba wake. Sema neno."

Kwetu Wamakonde, mjomba akiulizwa habari ya mpwa wake hakurupuki. Nilimwomba siku tatu. Nimefundisha miaka kumi na tisa, mingi kati yake Masasi, na nimeona mambo ambayo hayaniachi nijibu haraka: kipanga wa darasa la saba aliyeishia kidato cha pili, na mtoto tuliyemwita kilaza mpaka siku alipopata miwani. Niliyomwandikia dada ndiyo haya, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya wazazi wengine wa Mtwara na Lindi walioshika fedha msimu huu na wanajiuliza swali hilo hilo.

Njia ni mbili. Ya kwanza, fedha yote iende kwenye ada ya bweni. Ya pili, binti asome shule ya serikali aliyopangiwa, ambako ada imefutwa tangu Januari 2016, na fedha ile igawanywe: chakula, vitabu, neti, taa ya sola, na sehemu yake mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hakuna aliyemtaja kwenye simu. Huwezi kuchagua kati ya hizi mbili kabla ya kujua ni kitu gani hasa hutabiri kwamba mtoto atafika mbali kimasomo.

"Ana akili" maana yake nini

Kipimo cha kwanza cha akili kilichoenea duniani kilitungwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon. Kazi yao ilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, na Binet mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu haiongezeki. Kipimo kilipovuka bahari kwenda Marekani kiligeuka kuwa mhuri wa maisha. Mwaka 1921 Lewis Terman wa California alianza kukusanya watoto wenye alama za juu kabisa ili awafuatilie hadi utu uzima. Wavulana wawili walipimwa, alama zao hazikufika, wakaachwa nje: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine 1968. Katika wale waliochaguliwa, hakuna aliyeipata.

Hata hivyo sitaki kumdanganya dada kwamba vipimo ni bure. Mwaka 2007 Ian Deary na wenzake walichapisha taarifa za watoto zaidi ya 70,000 wa England, waliopimwa uwezo wa kufikiri wakiwa na miaka 11 kisha wakafanya mitihani ya taifa wakiwa na miaka 16. Uwiano kati ya kipimo na mitihani ulikuwa kama 0.8, ambapo 1 ni kutabiri bila kukosea hata kidogo. Huo ni uhusiano mkubwa. Mtoto anayeshika mambo haraka akiwa na miaka kumi na moja ana nafasi kubwa ya kuendelea hivyo.

Sasa angalia shamba. Chukua miche bora ya mkorosho, ya aina moja, kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele. Nusu uipande kwenye shamba linalopaliliwa na kupuliziwa salfa kwa wakati, nusu uipande kwenye pori ambalo ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua kila mwaka. Ukija kuhesabu kilo, utasema miche ya pori ni mibovu? Ndani ya shamba moja lililotunzwa vizuri, tofauti utakayoiona kati ya mti na mti inatokana zaidi na mbegu, kwa kuwa matunzo ni yale yale. England watoto wengi wana dawati, wana mwalimu wa hesabu na wana chakula cha mchana, kwa hiyo mbegu inajionyesha. Eric Turkheimer alipochunguza mapacha wa Marekani wenye umri wa miaka saba, utafiti uliotoka mwaka 2003, alikuta jambo hilo hilo: katika familia zenye uwezo tofauti za akili zilielezwa zaidi na urithi, na katika familia maskini zilielezwa karibu zote na mazingira.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka Embu, Kenya. Watoto wa kijijini walipimwa mwaka 1984, na miaka 14 baadaye wakapimwa watoto wengine wa umri ule ule, wa eneo lile lile. Alama za kufikiri zilikuwa zimepanda sana. Damu ya ukoo haibadiliki kwa miaka 14. Kilichobadilika, kwa maelezo ya watafiti, ni wazazi wengi zaidi kujua kusoma, familia kuwa na watoto wachache zaidi, na lishe na afya kuwa bora. Na shule yenyewe huongeza akili: Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob walijumlisha tafiti zenye watu zaidi ya 600,000, wakaona mwaka 2018 kwamba kila mwaka wa kusoma huongeza kati ya pointi 1 na 5 kwenye kipimo.

Kwa hiyo nilimwambia dada: ndiyo, binti ana akili. Lakini matokeo yake ya darasa la saba yamepima mbegu na shamba kwa pamoja, na kazi iliyobaki mikononi mwetu ni shamba.

Shule yenye jina na shule ya jirani

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteza fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bango la shule ya kulipia hukuonyesha idadi ya divisheni wani. Halikuonyeshi waliofanya usaili wakakataliwa kabla ya kuingia, wala walioambiwa watafute shule nyingine baada ya kidato cha pili. Ukichagua machungwa matamu sokoni ukayapanga kwenye sinia lako, utamu si kazi ya sinia.

Njia ya kujua shule imeongeza nini ni kuwalinganisha watoto waliolingana siku ya kuingia. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walifanya hivyo kwa shule za taifa za Kenya, zile zenye sifa kubwa kuliko zote, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2014. Waliwachukua waliozipata kwa alama chache tu juu ya kiwango na waliozikosa kwa alama chache tu chini yake. Watoto hao ni sawasawa, kilichowatenganisha ni bahati ya swali moja au mawili. Miaka minne baadaye, matokeo yao ya mtihani wa mwisho yalikaribia kulingana. Maabara nzuri, wenzao wenye vichwa vyepesi na jina la shule vilikuwa vimebadilisha alama kidogo mno.

Nilipoisoma kazi hiyo mara ya kwanza iliniuma, kwa sababu na mimi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba ukikosa shule za vipaji maalumu kama Ilboru au Kilakala, umeshapotea. Nilikuwa nawavunja moyo bila haki.

Hata hivyo shule zina tofauti, tena kubwa, ila tofauti yenyewe haikai kwenye majengo. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika shule za msingi 350 hapa Tanzania, ukihusisha shirika la Twaweza. Baadhi ya shule zilipewa fedha za ruzuku tu, na watoto hawakuonekana kujua zaidi. Nyingine zilipewa fedha, na walimu wakaahidiwa malipo ya ziada kulingana na wanafunzi waliofaulu vipimo vya kusoma na kuhesabu. Hapo watoto walipanda. Fedha peke yake haikufundisha. Fedha iliyokutana na mwalimu anayejibidiisha ilifundisha.

Basi dada akienda kuziangalia shule hizi mbili, asianze na rangi ya jengo wala sare. Aulize: mwalimu wa hesabu yupo, au kipindi kinapita watoto wakipiga soga? Fizikia na kemia zina mwalimu wa kuajiriwa au anayejitolea kwa miezi miwili? Aombe kuona daftari la mtoto yeyote wa kidato cha kwanza wa mwaka huu na ahesabu mazoezi yaliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu tangu Julai. Daftari halisemi uongo. Nimeona shule za kata ambazo daftari lilijaa, na bweni la ada kubwa ambalo mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja kwa vidato vinne.

Kuna mahali bweni linashinda waziwazi, na sitalizunguka. Ikiwa shule ya kata iko mbali kiasi cha mtoto kutembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, akili yake inaishia njiani. Ikiwa, kwa sababu ya umbali huo, itabidi binti apangishiwe chumba mtaani, "geto" kama wanavyoita, apike mwenyewe na alale mwenyewe akiwa na miaka kumi na nne, basi uza hata baiskeli alale bwenini. Mabinti tuliowapoteza kidato cha pili na cha tatu, wengi waliondokea kwenye vyumba hivyo. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, na ni jambo jema sana, lakini kumlinda mapema ni jema zaidi.

Bweni linashinda pia msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba, viti vya darasani kwetu vinapungua watu. Watoto wako shambani wanaokota, wanatenganisha korosho na mabibo, au wamebaki nyumbani na wadogo zao. Hakuna mzazi anayepanga kumkatisha masomo. Ni siku mbili, halafu wiki, halafu mtihani wa mwisho wa mwaka umefika. Ukiniuliza mimi mwalimu ni kitu gani kimoja cha kutazama ili nitabiri matokeo ya mtoto, nitafungua kitabu cha mahudhurio kabla ya kitabu cha alama.

Na usisahau njia ya katikati: baadhi ya shule za kata zina hosteli, ambako mzazi huchangia chakula na vitu vichache. Gharama yake haifiki hata karibu na ada ya bweni binafsi. Dada hakuwa amelijua hilo. Nilimwomba aulize.

Lugha, mlima wa Januari

Mpwa wangu amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari ataambiwa baiolojia, jiografia na fizikia zote ni Kiingereza. Nimewahi kusahihisha karatasi ya mwanafunzi ambaye jana yake alinieleza usanisinuru kwa Kiswahili kiasi kwamba ningemkabidhi chaki afundishe. Kwenye karatasi alipata sifuri. Hakuelewa swali.

Huko Kenya, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule za vijijini zilizogawiwa vitabu bure. Wastani wa darasa haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari juu, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na wengine hawakuweza kuvisoma. Kitabu kilichofungwa na lugha ni sawa na kopo lisilo na kifunguo.

Katika ulinganisho wetu jambo hili linakata pande mbili. Bweni la Inglishi midiamu litamzungusha na Kiingereza kutwa. Lakini atakaa kati ya watoto waliokianza chekechea, na kuna watoto wanaochangamka wakiwekwa hivyo na kuna wanaonyamaza kabisa. Shule ya kata wote watajikwaa pamoja, ila huenda asipate wa kuzungumza naye. Kwa vyovyote vile, Novemba na Desemba ni miezi ya dhahabu ambayo wahitimu wengi wa darasa la saba huimaliza bila kazi ya kitabu. Kamusi moja nzuri na vitabu vitano vya hadithi nyepesi za Kiingereza havifiki hata sehemu ndogo ya ada. Asome kwa sauti nusu saa kila siku, kila neno geni aliandike na kulitungia sentensi. Nimeona wanafunzi wanne wakifanya hivyo kwa likizo moja, na wote wanne waliingia kidato cha kwanza bila kozi ya kuanzia kuwatisha.

Likizo hiyo hiyo ndiyo ya unyago, na sisemi aukose. Aende, achezwe, atoke. Muda uliobaki unatosha.

Kichwa chepesi au mkono usiochoka

Angela Duckworth na Martin Seligman waliwafuatilia wanafunzi wa darasa la nane nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2005: nidhamu ya kujitawala iliyopimwa mwanzoni mwa mwaka ilitabiri alama za mwisho wa mwaka kwa zaidi ya mara mbili ya kipimo cha akili. Ukilinganisha na ile kazi ya England unaweza kuona zinagombana. Hazigombani. Moja imepima mtihani mkubwa wa taifa, ambako kufikiri upesi kunasaidia sana. Nyingine imepima alama za darasani, ambazo hukusanywa siku kwa siku: kazi ya nyumbani imefanywa, daftari lipo, mtoto hakukosa. Kwetu, mtoto hafiki kwenye mtihani mkubwa akiwa na kitu kichwani bila kupita kwenye hayo ya siku kwa siku.

Lakini tusiigeuze nidhamu kuwa fimbo ya kumtandika mtoto wa maskini. Kuna jaribio mashuhuri la Walter Mischel la kumwekea mtoto peremende na kumwambia akisubiri atapata mbili. Ilisemwa miaka mingi kwamba wanaosubiri hufaulu maishani. Jaribio liliporudiwa kwa watoto wengi zaidi, mwaka 2018, uhusiano ulipungua nusu, na ukizingatia hali ya nyumbani ukawa mdogo sana. Nyumba ambayo wanne wanakula sahani moja, anayesubiri analala njaa. Mtoto huyo amejifunza sawasawa alichofundishwa na maisha.

Nidhamu inayofundishika ni ya namna ya kusoma, na hapa niseme juu ya tuisheni. Wazazi wa mjini Mtwara, Magomeni hadi Shangani, wanalipa tuisheni ya jioni ambayo mara nyingi ni kipindi cha asubuhi kurudiwa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walifanya jaribio rahisi mwaka 2006. Kundi moja lilisoma habari fulani mara nne. Lingine liliisoma mara moja, kisha likafunika karatasi na kujikumbusha mara tatu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka kama asilimia 40, waliojikumbusha asilimia 61. Mtihani wa taifa hauji baada ya dakika tano.

Maana yake kwa nyumba yoyote: jioni mtoto afunike daftari, aandike anachokumbuka, ndipo afungue ajisahihishe. Akishazoea, mzazi ampatie nakala za mitihani iliyopita ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na saa ya ukutani. Mama asiyejua Kiingereza anaweza kusimamia hili vizuri kabisa, kwa kushika daftari na kumwambia, "Haya, nisimulie." Linahitaji mwanga tu, na ndiyo maana taa ya sola nimeiweka juu ya tuisheni katika orodha yangu.

Tumbo, damu na macho

Kwa kifupi, kwa sababu mengi yanajulikana ila hayafanywi. Mtoto aliyekunywa uji wa lishe asubuhi anasikiliza kipindi cha tatu, asiyekunywa anaangalia dirishani. Mchango wa chakula shuleni usikwepwe. Malaria kwetu kusini bado ni nyingi, na kila homa ni wiki ya masomo, na malaria kali ikipanda kichwani inaweza kuacha mtoto na udhaifu wa kumbukumbu. Mpango wa kugawa vyandarua kupitia wanafunzi ulianzia mikoa hii yetu, Lindi, Mtwara na Ruvuma, mwaka 2013, kwa hiyo neti nyingi zimeingia majumbani. Itumike kulalia, isiende bustanini wala baharini. Dawa za minyoo zikiletwa shuleni, mtoto ameze: utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer huko Busia, Kenya, ulionyesha utoro ukipungua kwa robo, ingawa alama za mitihani hazikubadilika. Nautaja pamoja na upungufu wake, maana wapo wanaouza syrapu za "kuongeza akili" kwa wazazi. Shilingi hiyo nunua dagaa.

Na macho. Yule mtoto niliyemtaja mwanzoni alikuwa akinakili kutoka kwa jirani yake, nasi tukimwadhibu kwa kuiba majibu. Alikuwa haoni ubao. Mpeleke mtoto akapimwe kabla ya Januari.

Huyu mdogo ambaye hakutajwa

Nilimwambia dada: kama unaniuliza shilingi gani itazaa zaidi, ni ile ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa mjini Kingston. Baadhi walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki, kwa miaka miwili, na mhudumu wa afya aliyemfundisha mama kucheza na mtoto: kumtajia majina ya vitu, kupanga vifuniko, kuimba, kutumia vichezeo vya kutengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Waliopewa maziwa ya nyongeza peke yake, faida ilififia. Sisemi chakula si kitu. Guatemala, uji wenye protini uliogawiwa vijijini kati ya 1969 na 1977 uliwafaidi hadi utu uzima wale walioupata kabla ya miaka mitatu. Umri ule ni wa kulisha na kuzungumza kwa pamoja.

Kwa hiyo mtoto aongeleshwe. Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kiswahili, chochote mama anachokisema kwa raha. Vitendawili vya bibi jioni ni shule kamili. Karanga, mbaazi, kisamvu, yai na samaki vimsogelee yeye kwanza, si baba peke yake.

Jambo jingine linaweza kumshangaza msomaji: chumvi. Mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto tumboni unaumia na haurudi. Hapa Tanzania vidonge vya mafuta ya madini joto viligawiwa kwa awamu kuanzia mwaka 1986, na Erica Field na wenzake walipochunguza baadaye, kazi iliyotoka mwaka 2009, walikuta watoto ambao mama zao walivipata wakati wa mimba walisonga mbele kimasomo kwa kati ya theluthi moja ya mwaka na nusu mwaka zaidi ya wenzao, na wasichana wakafaidika kuliko wavulana. Sasa fikiria chumvi tunayonunua kwa kopo kutoka mashamba ya pwani, Lindi hadi Kilwa. Nyingi haijatiwa kitu. Pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto huzidi bei kwa kiasi ambacho mtu hata hakisikii. Dada anatarajia kupata mwingine, na hilo ndilo nililomsisitizia kuliko yote.

Nilichomshauri

Kama shule ya kata iko mbali na haina hosteli, au haina kabisa mwalimu wa hesabu: bweni, lakini la bei nafuu ambalo daftari zake umeziona. Kama shule ya kata iko umbali wa nusu saa, walimu wapo na mama yuko tayari kukataa mwanawe asiende kuokota korosho siku za shule: shule ya kata, na fedha igawanywe. Kama nyumba ina vurugu, ulevi au kazi zisizoisha kwa binti, bweni tena, maana pale unanunua utulivu, nao una thamani yake. Na kama ada ya bweni italipika mwaka huu tu kwa sababu bei ya korosho ilikuwa nzuri, usianze. Mtoto anayerudishwa nyumbani kidato cha pili kwa sababu ya ada huumia kuliko ambaye hakwenda. Bei ya mnada unaijua ya leo, ya mwaka kesho huijui.

Dada alikwenda kuona. Bweni lile lilikuwa na majengo mazuri, na mwalimu wa fizikia alikuwa ameondoka tangu Agosti. Shule ya kata ilikuwa na mabinti kumi na wanane kwenye hosteli, mwalimu wa hesabu kijana kutoka Newala, na daftari lenye mazoezi arobaini na kitu yaliyosahihishwa. Ameichagua hiyo. Tumenunua kamusi, taa, godoro, neti mbili na miwani, maana kipimo kilionyesha jicho la kushoto halioni mbali. Fedha iliyobaki, zaidi ya nusu, iko benki kwa jina la mama, na tumekubaliana haitaguswa kwa harusi wala ngoma. Atafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na matokeo yakitoka tutakaa tena, mimi na dada, tuangalie daftari zake za hesabu na Kiingereza, kisha tuamue kama abaki au ahame.